Maswali Yenu: Viatu na Stokingi za Ofisini

SWALI: Habari za kazi. Nafanya kazi Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma. Navaa skuna namba 38, na ikifika saa nane mchana vidole vinawaka moto. Nikanunua namba 39 za aina ileile nikidhani nitapona, ndiyo kwanza vidole vimezidi kuuma na kisigino kinachomoka. Nifanyeje?
Dada wa Ipagala

JIBU: Pole sana dada. Urefu haukuwa tatizo lako. Kinachokuumiza ni wembamba wa kiatu kwa mbele, na sasa umeongeza kuteleza. Kwa vipimo vya Ulaya, namba moja na inayofuata zinapishana milimita 7 hivi kwa urefu, lakini upana huongezeka kidogo sana. Halafu skuna haina kamba wala mkanda. Hushika mguu kwa kubana tu. Ikikuzidi, kila hatua mguu unateremka mbele, vidole vinajisokomeza kwenye ncha, tena vinajikunja kukikamata kiatu kisivuke.

Fanya hivi. Saa kumi jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa joto na kukaa kitini, simama wima juu ya karatasi, mtu akuchoree nyayo akiwa ameshika kalamu wima. Achore zote mbili, maana mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa, na huo ndio wa kununulia. Kata mchoro, nenda nao dukani au soko la Sabasaba, ukaulinganishe na soli. Karatasi ikichungulia pembeni, pale kwenye mfupa wa kidole gumba, kiache kiatu hicho hata muuzaji akuapie kwamba kitaachia. Ngozi halisi huachia kidogo kwa upana, na fundi anaweza kuitia kalibu, yaani umbo la mguu la kutanulia kiatu. Reksini, yaani ngozi bandia, haiachii, inapasuka. Urefu hakuna fundi atakayekuongezea.

Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1. Kisigino cha kiatu kiwe kipana, chenye kimo cha sentimita 3 au 4, na juu ya mguu pawe na mkanda, kwa sababu huo ndio unaozuia mguu kuteremka. Mchuchumio ukiupenda, uache ofisini kwa ajili ya vikao, kwenye daladala uvae flati. Lakini si zile flati nyembamba ambazo unahisi kila kokoto. Hizo nazo zinachosha unyayo.

Ukinunua mitumba, ikunje soli na uibonyeze kwa ukucha. Soli nyepesi za poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimewekwa tu. Zikitoa chembe, kitakumegukia njiani, na gundi haitashika.

SWALI: Stokingi zangu hazimalizi siku, zinachanika kisiginoni na kwenye kidole gumba. Ninunue za bei kubwa?
Mama wa Kikuyu

JIBU: Mama, kabla ya kuongeza bei, pitisha kiganja kwenye kisigino chako. Ukavu na vumbi la Dodoma huleta magaga, na ukingo wa gaga moja tu hunasa uzi na kufumua mstari mpaka gotini. Loweka miguu dakika 10, sugua kwa jiwe, kausha, paka mafuta mazito, lala na soksi za pamba. Ndani ya wiki chache utaona tofauti.

Kwenye kidole gumba, kata kucha na uzilainishe kwa tupa, kisha angalia saizi. Jedwali lililo nyuma ya pakiti huenda kwa urefu na uzito. Stokingi fupi huvutwa siku nzima na hupasukia vidoleni. Tazama na denia, yaani unene wa uzi: 15 ni nyepesi mno kwa kazi ya kila siku, 30 hadi 40 hustahimili. Vua pete, kusanya stokingi yote mpaka kwenye ncha, ingiza vidole, kisha ipandishe kidogo kidogo. Usiivute kutoka juu. Fua kwa mkono na maji ya baridi, anika kivulini. Mstari ukianza, tia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ncha zake zote mbili.

Jambo moja husahaulika: nailoni huteleza. Kiatu kijaribu ukiwa umevaa stokingi hiyohiyo.

SWALI: Miguu yangu inatoa harufu nikivua viatu, na soksi nabadilisha kila siku.
Kaka wa Nkuhungu

JIBU: Basi harufu imo kwenye kiatu. Bakteria hustawi palipo na jasho lisilokauka, na kiatu cha ngozi kinachovaliwa kutwa hakikauki usiku mmoja. Uwe na jozi mbili za kupokezana, toa soli ya ndani ikauke peke yake. Soksi zifue zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na chagua za pamba iliyochanganywa na nailoni kidogo. Pamba tupu hulowa na kubaki na maji. Kati ya vidole pakiwa peupe na panawasha, hiyo ni fangasi: pitia famasi uulizie krimu ya klotrimazoli, na usiiache siku kuwasha kutakapokoma, endelea wiki 2 zaidi.