Feni ya mapanga mawili ya kinyume: usiiamini mpaka uipime

Feni ya kinyume ina mapanga mawili, moja nyuma ya jingine, yanayozunguka pande tofauti ili yasukume hewa upande mmoja; panga hapa ni kipande kizima chenye mabawa yake. Kuna jambo linawaponza wengi: ukichukua feni mbili za aina moja ukaigeuza moja nyuma mbele, hujapata feni ya kinyume. Mwinamo wa panga ni kama uzi wa skrubu. Igeuze utakavyo, ya kulia hubaki ya kulia. Panga la pili lazima ulichonge, au ulichape kwa printa ya 3D, likiwa la mkono wa kushoto.

Wala lisiwe pacha wa lile la kwanza. Hewa hutoka kwenye panga la kwanza ikizunguka, na mzunguko huo unakuja kulikabili la pili, ambalo basi huipokea kwa kasi kubwa zaidi. Ukiliachia pembe ileile linazidiwa, hewa inabanduka mgongoni mwake na ngurumo inaanza. Mimi hulilaza zaidi, au naipunguzia kasi mota yake. Ndiyo maana napenda kila panga liwe na mota na kidhibiti chake. Kisha nafunga uzi mwembamba kwenye mdomo wa kutokea: ukinyooka, la pili limerudisha mzunguko wote kuwa msukumo, ukielekea upande wa mzunguko wa la kwanza, bado kuna nishati inapotea.

Idadi ya mabawa ya mapanga hayo mawili isilingane. Saba kwa tano ni sawa. Tano kwa tano yanapishana yote kwa wakati mmoja na utasikia filimbi.

Kwenye kupima ndiko watu huruka hatua. Mkono mbele ya feni haupimi kitu. Kibomba cha mpira cha uwazi kilichopindwa kama U, chenye maji, kinatosha kwa presha, kwani milimita 1 ya maji ya kwenda juu ni karibu paskali 9.8, kilaze kidogo usome vizuri. Kasi ya hewa ipime sehemu nyingi za bomba inamotokea hewa, maana nyuma ya kitovu cha panga karibu hakuna hewa inayokwenda. Wastani wa kasi hiyo mara eneo la mdomo wa bomba ndio ujazo wa hewa kwa sekunde. Sasa zidisha ujazo huo kwa presha: mita za ujazo 0.1 kwa sekunde kwa paskali 60 ni wati 6. Mota zikila wati 20, ufanisi ni asilimia 30. Rudia ukiziba mdomo kidogo kidogo, kwa sababu feni hizi hulipa palipo na ukinzani, kama ndani ya seva. Kwa kupoza sebule tu, panga moja kubwa la polepole litakula umeme kidogo zaidi.