Unaanza kusoma historia ya Karthago? Wafuate watu waliobaki

Ndugu zangu mnaoanza somo la historia ya kale, kaeni kidogo na pwani ya Tunisia na Libya. Nimeifundisha kwa muda mrefu, na kosa ninalolikuta kwenye insha za wanaoanza ni lilelile.

Vitabu vya kiada vinapanga mambo hivi: Wafinisia, mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, wanatoka mji wao wa Tiro, wanaanzisha Karthago kwenye pwani ya Tunisia (kwa mapokeo, mwaka 814 KK), Roma inauteketeza mji mwaka 146 KK, kisha "kipindi cha Kirumi" kinaanza. Mpangilio huo ukaririni kwa ajili ya mtihani. Ila kosa lenyewe ndilo hili: msidhani wenyeji walitoweka pamoja na jeshi lao.

Chukueni mji wa Lepcis Magna, mashariki ya Tripoli. Soko lake lilijengwa mwaka 8 KK, zaidi ya miaka 130 tangu Karthago ianguke, kwa fedha za tajiri aitwaye Annobal Tapapius Rufus. Annobal ndilo Hannibal, jina la watu wa Karthago; Rufus ni jina la Kirumi. Mtu huyohuyo alikuwa sufeti, cheo cha watawala wa miji ya Kifinisia, na papo hapo kuhani katika dini ya Kirumi. Miaka michache baadaye akajenga ukumbi wa maigizo, na jiwe la uzinduzi likachongwa kwa Kilatini na kwa Kipuni, lugha ya Wafinisia wa Afrika. Mimi humwanzisha kila mwanafunzi na jiwe hilo kabla hajagusa habari za vita. Mwaka 193 BK mzaliwa wa mji huo, Septimius Severus, akawa kaisari wa Roma.

Jambo la pili, muulizeni kila mwandishi yuko upande gani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, aliutazama mji wa Karthago ukiungua akiwa kando ya Scipio, jemadari aliyeuteketeza. Vitabu vya Karthago vyenyewe viligawiwa wafalme wa Afrika. Seneti, baraza kuu la Roma, iliagiza kutafsiriwa kazi moja tu, ile ya Mago wa Karthago kuhusu kilimo, vitabu 28. Kwa hiyo Livy, mwanahistoria wa Kirumi, akiwaita watu wa Karthago wasaliti, hayo ni maneno ya upande ulioshinda, na myanukuu hivyo. Kile kisa cha Warumi kumwaga chumvi kwenye magofu kifuteni kabisa, maana hakuna mwandishi wa kale anayekisimulia.

Halafu jifunzeni kusoma udongo. Warumi wa enzi za Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, walipoujenga upya mji wa Karthago, walikikata kilele cha Byrsa, kilima cha katikati ya mji, wapate uwanja wa majengo ya umma. Kifusi kilichomwagwa mteremkoni kikazifunika nyumba za zamani, na ndiyo sababu wachimbuzi wamezikuta kuta zake zimesimama mpaka leo. Ukipewa ramani ya uchimbaji, uliza kwanza ni tabaka gani na kifusi kilitoka wapi, ndipo uandike tarehe.