Kunata si kushika: unapoanza kupima ishara za integrini

Wageni wengi wa kazi hii huanza kwa kutafuta kimeng'enya ndani ya integrini. Hakimo. Integrini ni jozi ya protini, alfa na beta, zilizopenya utando wa seli. Binadamu ana alfa 18 na beta 8, nazo huunda jozi 24. Mkia wake wa ndani haubandiki fosfeti popote. Kazi yake ni kushika na kukusanya: nje hushika fibronektini, protini inayozizunguka seli; ndani huvuta talini, protini ya kuunganisha, nayo talini huikamata aktini, nyuzi za kiunzi cha seli. FAK, kimeng'enya kinachobandika fosfeti, hujiunga na mkusanyiko huo, na molekuli zake zikisogeleana hubandikana fosfeti kwenye tairosini (aina ya asidi amino) ya 397. Hapo ndipo Src, kimeng'enya kingine cha kubandika fosfeti, hupata pa kujishikiza, kisha paksilini na protini nyinginezo hubandikwa fosfeti, na seli hupata amri: tandaa, hama, gawanyika. Seli nyingi za tishu zikikosa pa kushika, hufa.

Basi unachopima ni mkusanyiko, nao huanza kabla hujawa tayari. Kuzinyima seli seramu (majimaji ya damu yanayozilisha) usiku kucha zikiwa bado zimekaa kwenye sahani hakutoshi, kwa sababu zimekwisha kushika. Zing'oe.

Paka sahani fibronektini, maikrogramu 10 kwa mililita, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Usiitikise fibronektini kwa nguvu; huganda ikawa nyuzinyuzi nyeupe, na kinachobaki kwenye maji si kiasi ulichokusudia. Ziba nafasi zilizobaki kwa albumini iliyopashwa moto nyuzi 85 kwa dakika 10. Ng'oa seli kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa muda mfupi, halafu, tafadhali sana, isimamishe kwa kizuizi cha soya, si kwa seramu. Seramu ina fibronektini na vitronektini, protini nyingine ambayo integrini huishika; tone moja la mazoea linaharibu kazi ya siku nzima. Acha seli zielee bila seramu dakika 30 hadi 60 kwenye nyuzi 37, kisha zigawe: fungu moja libaki likielea, la pili liende kwenye sahani iliyopakwa polilisini, kemikali yenye chaji chanya, la tatu kwenye ile ya fibronektini. Vuna dakika ya 15, 30 na 60.

Fungu la polilisini ndilo tunalolithamini kuliko yote. Pale seli inanatishwa na chaji ya umeme tu. Kwenye fibronektini inashika. Lakini usilikawize: baada ya saa kadhaa seli hutoa fibronektini yake yenyewe, na tofauti hufifia.

Vunia juu ya barafu, kwa bafa baridi yenye othovanadeti ya sodiamu milimola 1 ya kuzuia fosfatasi, la sivyo vimeng'enya hivyo vitabandua fosfeti ukiwa bado unakwangua. Unapopima kwa Western blot, ambapo kila protini huonekana kama mstari kwenye karatasi maalumu, ukitumia kingamwili za tairosini yenye fosfeti, zibia karatasi hiyo kwa albumini, si maziwa ya unga: kaseini imejaa fosfeti na mara nyingi huchafua usuli. Pima na FAK yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, kilodalton 125, maana bila hiyo mstari mzito huenda ni protini nyingi tu.

Mstari ukiwa mzito hata kwa seli zilizokuwa zikielea, zitazame kwa hadubini. Huenda zimeshikana mafungumafungu kwa kadherini, protini zinazoshikanisha seli kwa seli, ambazo nazo hutuma ishara zake. Punguza idadi ya seli kwa kila mililita, na uigeuzegeuze chupa polepole muda wote zinapoelea.