Nakunywa methadone, nyumbani wanasema bado mimi ni teja

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa miaka 29, nipo Temeke, unga nimebwia miaka saba, sasa huu mwezi wa tano naenda kliniki kunywa methadone kila asubuhi na unga sijagusa tena. Shida ipo home. Braza anasema nimehamisha uteja tu toka maskani kwenda hospitali, na mama keshaanza kumsikiliza, wanataka niache dawa mwisho wa mwezi ndo wanipe bodaboda. Na mimi nimechoka, kila siku nauli. Nikiacha ghafla itakuaje? Sina hata wa kumwambia, washkaji wote wa maskani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Miezi mitano bila unga baada ya miaka saba ni kazi kubwa umefanya, na nimefurahi sana umeniandikia kabla hujaacha.

Braza wako anachanganya vitu. Methadone ni kweli ipo ukoo mmoja na heroini, huo unga wenyewe, lakini unga ukibwia unapanda haraka na baada ya masaa machache arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, inakurudisha kutafuta kete nyingine, methadone unayokunywa mbele ya nesi inaenda taratibu, inakaa mwilini siku nzima na zaidi, dozi ikishakaa sawa husikii arosto wala stimu, unaweza kufanya kazi na kulala kama watu. Hapo Muhimbili wameanza kuitoa 2011 na watu wanaitumia miaka, sio miezi.

Ukikata ghafla arosto itakufata ndani ya siku chache, maumivu ya mifupa, kuharisha, usingizi hakuna, na hiyo ya methadone inakaa muda mrefu kuliko ya unga. Ila kinachonitisha mimi ni kete utakayoikimbilia hapo, maana mwili ushasahau kipimo cha zamani na ile uliyokuwa unabwia bila shida ndo inaweza kukuua. Siku ya kuacha ikifika daktari atakushusha kidogokidogo, tena kwa miezi. Na ukikosa siku kadhaa usifiche, waambie wakupangie upya dozi. Pombe na valiamu usichanganye kabisa, pumzi inaweza kukata.

Sasa mama. Usibishane nae nyumbani mbele ya braza, mwombe akusindikize kliniki siku moja tu, muone mshauri au ustawi wa jamii waongee nae wenyewe, wazazi wengi wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na mama aliyeibiwa sufuria miaka ile ana haki ya kuogopa mwanangu. Bodaboda muulize daktari kwanza, dozi ikiwa bado inapandishwa usingizi unaweza kukukamata barabarani. Nauli nayo itaje hukohuko, usione aibu.

Kuhusu wa kuongea nae, pale kliniki kuna waelimishaji rika, wamepita maskani kama wewe na wametoka, omba namba ya mmoja ambaye utampigia ile saa kijiwe kinapokuita. Ukikwama kabisa kuna 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure. Ukishaenda na mama niandikie kasemaje.