Mielome ya mama yangu: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu baba yake

Dada, umeuliza kama mielome ni kansa ya mifupa au ya damu, na kwa nini munganga amemkataza baba yako diklofenaki, ile dawa ya maumivu, wakati mgongo ndio unaomtesa. Mimi si munganga. Nilimuuguza mama na ugonjwa huohuo hapa Bukavu.

Mgongo ulimwanza akipanda na kapu la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kuelekea mtaa wa Kadutu. Tukasema uzee. Kituo cha kwanza wakaona malaria, cha pili taifodi, cha tatu wakamchoma diklofenaki siku kumi, tukashukuru kwamba amepata nafuu. Halafu asubuhi moja akainama kuokota kijiko, na pingili ya uti wa mgongo ikabonyea.

Ni kansa ya damu inayoishi mifupani. Ndani ya mfupa mna uboho, na humo mna seli za plazma, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili. Moja ikiharibika inajizaa bila kukoma, na uzao wake wote unatoa protini ya aina moja tu, isiyopigana na ugonjwa wowote. Seli hizo zinasonga uboho, damu inapungua. Zinafanya mfupa uliwe haraka kuliko unavyojengwa, kalsiamu inamwagikia kwenye damu: ndiyo kiu, choo kigumu, kuchanganyikiwa. Vipande vyepesi vya ile protini vinaziba mirija ya figo. Sasa diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayofika kwenye figo hizohizo. Mumchome tena ya nini? Mwombeni munganga dawa nyingine ya maumivu.

Karatasi ya labo ya mama ninayo hadi leo. Hemoglobini 7, yaani damu ilikuwa imepungua sana. VS, ile kasi ya chembe za damu kutuama, ilipita 100. Mkojo: protini kidogo sana, wakatuambia figo ni nzima. Kumbe kile kijiti cha mkojo kinashika zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, na protini ya mielome, ile ya Bence Jones iliyojulikana tangu miaka ya 1840, inapita bila kuonekana. Munganga kijana ndiye aliyeitazama karatasi kwa muda, akamuuliza, "Mama, maji unakunywa sana siku hizi?" Akaandika elektroforezi ya protini, kipimo kinachozitenganisha protini za damu aina kwa aina. Damu ikavuka mto Ruzizi kwenda kupimwa upande wa Rwanda, jibu likarudi na mchoro wenye kilele kimoja chembamba kama mnara wa simu: ndiyo ile protini ya aina moja. Baadaye wakamtoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho. Mama alisema wamemvuta roho kwa sindano.

Kwa kawaida dawa haziuondoi ugonjwa huu kabisa. Unatulia, pengine miaka, kisha unarudi. Mama alipewa talidomide na deksametasoni. Hiyo ya pili ilimnyima usingizi, tukawa tunamsikia anafagia uwanja saa nane za usiku! Talidomide inalemaza mtoto tumboni, basi mwenye mimba asiiguse. Inaweza pia kugandisha damu. Mguu mmoja ukivimba, msingoje kesho. Kuna dawa nyingine, bortezomibi, na kuna kupandikizwa uboho, lakini mfuko wetu haukufika huko.

Baba yako kreatinini, kile kipimo cha figo, na kalsiamu zimeandikwa ngapi? Kama hazikupimwa, anzeni na hizo wiki hii.