Meno ya kahawia: kung'arisha, kuziba au kuvisha kofia?

Swali: Shikamoo daktari. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, wilayani Arumeru. Nina miaka 26. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia na mawili ya katikati yana vishimo. Kliniki moja imenishauri nivishe kofia, yaani vifuniko vya jino zima, meno sita ya juu, nyingine imesema niweke vinia. Rafiki yangu anasema nitumie tu dawa ya kung'arisha ya dukani. Nishike lipi?
*Msomaji, Usa River*

Jibu: Marahaba. Tafadhali usikubali kofia hata moja kabla hujajua doa limeingia kiasi gani, kwa sababu jino likishachongwa halirudi.

Maji yanayoshuka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano yenye madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinapita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, haikomai. Inabaki na vitundu vidogo sana. Jino linaota likiwa na weupe wa chaki, na kahawia inakuja baadaye, inapoingia kwenye vitundu hivyo kutoka kwenye chai na vyakula. Hiyo ni habari njema kwako, maana mara nyingi rangi imekaa kwenye tabaka la juu tu.

Jipime mwenyewe kwanza. Simama na kioo kwenye mwanga wa mchana, futa meno kwa kitambaa safi, uache mdomo wazi kwa dakika moja. Meno yakikauka, mabaka meupe yataonekana wazi zaidi. Kisha pitisha ukucha taratibu. Pakiwa laini, doa liko ndani ya enameli iliyo nzima. Ukucha ukikwama, enameli imeshamomonyoka hapo. Sehemu hizo mbili hazitibiwi kwa njia moja, hata zikiwa kwenye jino hilohilo.

Kazi ianze kwa kukwangua ugaga, kisha kusugua doa kwa asidi na unga mkali. Daktari anafunika fizi zako kwa mpira mwembamba, anapaka mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki, aghalabu asilimia 6.6, wenye chembe ngumu, na anasugua kwa kikombe cha mpira kinachozunguka polepole. Ni kama dakika moja kwa jino, anaosha, anatazama, anarudia. Kinachotoka ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Makosa hutokea daktari anapong'ang'ania doa lisilosogea: enameli inakwisha na unjano wa ndani unachungulia. Baada ya raundi kadhaa bila mabadiliko, aache. Atamalizia kwa kupaka floraidi, na usishtuke. Ikipakwa juu ya jino lililokomaa inaliimarisha, haiwezi kulitia madoa haya.

Inafuata dawa ya kung'arisha, yaani blichi. Inayoaminika zaidi kwa nyumbani ni jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ndani ya kifuko cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la meno yako. Weka tone dogo kwa kila jino, ulale nacho, kwa wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo mabaka meupe yatazidi kujitokeza na wengi hukata tamaa hapo. Endelea, sehemu nyingine za jino zikishang'aa, tofauti inapungua. Meno yakisisimka kwa maji baridi, ruka usiku mmoja au miwili. Dawa ya dukani isiyoandikwa kilichomo usiiguse. Ndimu na mkaa pia viache: ndimu inayeyusha enameli, na mkaa unaikwaruza.

Vishimo havijazwi na blichi. Hivyo vinazibwa kwa kompositi, dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, lakini subiri wiki mbili baada ya kung'arisha. Oksijeni iliyobaki kwenye jino inazuia kompositi kushika, na pia rangi yako ya kudumu bado haijatulia. Kuna jambo jingine madaktari wa maeneo yasiyo na tatizo hili hulisahau. Tabaka la juu la enameli yenye floraidi nyingi halikubali asidi ya kuandalia jino kwa urahisi. Sekunde 15 hadi 30 za kawaida hazitoshi. Uso ukwaruzwe kidogo kwanza na asidi ikae muda mrefu zaidi, la sivyo kompositi itabanduka baada ya miezi michache. Muulize wazi: "Utaliandaaje jino langu?" Ikishikwa vizuri inaweza kukaa miaka mitano hadi saba, na ikimeguka inatengenezwa kwa ziara moja.

Vinia ni kigae chembamba cha kauri kinachogandishwa usoni mwa jino baada ya kuchonga kama nusu milimita. Ni nzuri, na wengi hukaa nazo miaka kumi au zaidi. Ifikirie iwapo hatua za mwanzo hazikukuridhisha, na udai kwanza kuonyeshwa umbo la majaribio mdomoni kabla ya kuchongwa. Anayesaga meno usingizini anaweza kuzivunja.

Kofia inachonga jino pande zote, milimita moja hadi mbili. Katika umri wako chumba cha mshipa wa jino bado ni kikubwa, na mshipa unaweza kufa miaka kadhaa baadaye. Kwa meno sita mazima yenye rangi mbaya tu, sikubaliani na ushauri huo hata kidogo.

Swali: Nilianguka na bodaboda miaka mitatu iliyopita. Jino moja la mbele halikuvunjika, ila limekuwa la kijivu. Blichi itasaidia?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ya kupaka kwa nje, hapana. Yaelekea mshipa ulikufa na masalia ya damu yamelitia jino rangi kutoka ndani. Piga eksirei kwanza. Mshipa ukiwa umekufa, mzizi utibiwe. Kisha daktari anafunika dawa ya mzizi kwa simenti ya milimita mbili, anaweka ndani ya jino dawa ya kung'arisha iitwayo sodiamu peborati, iliyokorogwa na maji, analifunga, na kubadilisha kila wiki, kwa kawaida mara mbili hadi nne. Asiruke ile simenti, maana dawa ikipenya shingoni mwa jino inaweza kuanzisha kuliwa kwa mzizi. Kofia ya jino moja la mbele ndiyo ngumu kuliko zote kuilinganisha rangi na jirani yake, hivyo ibaki ya mwisho.

Swali: Mwanangu ana miaka miwili na tunaishi Arumeru. Nachemsha maji ya kunywa. Yanatosha?
*Mama, Tengeru*

Jibu: Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi yote inabaki kwenye maji machache zaidi. Kwa uji na maji yake ya kunywa tumia ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo maji yapimwe na mkaa ubadilishwe. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huwa na floraidi. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Meno ya mbele yanaendelea kujijenga mpaka karibu miaka mitano, na yale ya nyuma mpaka minane. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele hadi atimize miaka mitatu, na umfundishe kutema.