Ukerewe kwa gari lako, peke yako: siku za mwanzo

Safari ya gari yenye kivuko katikati haipangwi kama safari ya lami tupu. Kwenye lami ukichelewa saa moja, umechelewa saa moja. Ukikosa kivuko cha mwisho umechelewa mpaka kesho, na usiku huo utalala kwenye siti kama hukujua gesti iko wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kwenda Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria, likizo na gari lake, tena peke yake, namwambia aanze kupanga kutoka mwisho. Achague asubuhi ya kuvukia Kisorya, pale kivuko kinapopakia magari, kisha ahesabu kurudi nyuma hadi mlangoni kwake. Siku za kabla ya hapo ziwe fupi, hata kama zitamchosha kwa ufupi wake.

Nazungumzia safari ya kutoka Dodoma, maana ndiyo ninayoijua. Ramani itakwambia Shinyanga inafikika siku ya kwanza, na ni kweli inafikika. Dereva wa basi anafika na kupitiliza. Lakini yeye ana kondakta wa kumpigia soga na mwenzake wa kumpokea usukani. Wewe huna mtu wa kukwambia "punguza, kibao cha 50 hicho," wala wa kukufungulia chupa ya maji. Ukiwa peke yako macho ni mawili tu, na yakishatazama lami tangu alfajiri, kufikia saa tisa alasiri yanaona vibao bila kuvisoma. Askari wenye tochi za kupimia mwendo wanakaa hapo hapo, mwanzo wa kijiji, chini ya mwembe.

Basi usiku wa kwanza lala Singida. Ni kilomita mia mbili na arobaini hivi kutoka Dodoma, na utafika mchana jua likiwa bado juu. Watu watakucheka kwamba umesafiri kidogo. Waache wacheke. Utakuwa na muda wa kutafuta gesti yenye uzio na geti, kula kuku wa kienyeji, na kwenda kunyoosha miguu kando ya Ziwa Singidani. Muhimu zaidi, utagundua mapema gari linakwambia nini. Kama kuna tairi linalopungua upepo taratibu au breki inayolia, bora ujue Singida, mjini kwenye mafundi, kuliko kujua kesho yake kwenye mteremko wa Sekenke huku lori likikupumulia mgongoni.

Kuhusu gesti nina kanuni moja. Kabla sijaonyeshwa chumba naomba kuonyeshwa gari litalala wapi. Chumba kibaya nitakivumilia usiku mmoja. Nikishaona sehemu, namsalimia mlinzi, namuuliza anaingia zamu saa ngapi na nani atakayefungua geti alfajiri. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu saa kumi na moja asubuhi unaanza kugonga madirisha ya watu ukimtafuta mwenye ufunguo.

Siku ya pili ndiyo ndefu kidogo. Unashuka Sekenke, unapita Igunga na Nzega, unaingia Shinyanga. Hapo wengi wananyoosha hadi Mwanza kwa mazoea, kwa sababu Ukerewe iko mkoa wa Mwanza na kichwani tunaona lazima upite mjini. Si lazima. Ukishapita Shinyanga kuna njia panda ya Mwigumbi. Kata kulia, nenda Maswa, Bariadi, halafu Lamadi. Ni lami mwanzo mwisho, magari ni machache, na unaikwepa foleni yote ya Mwanza. Mwanza ni mji mzuri sana, lakini si wa kuingia jioni ukiwa umechoka na hujui pa kugeuzia. Lala Bariadi. Ukiwa bado na nguvu na jua lipo, sogea Lamadi, pale barabara inapokutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma.

Neno "jua lipo" nimeliweka kwa makusudi. Usiendeshe usiku kwenye barabara hizi ukiwa peke yako. Sababu ni nyingi na zote unazijua: ng'ombe, bodaboda zisizo na taa, baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa mapana kuliko gari lako. Ya kuangalia zaidi ni lori lililokufa katikati ya njia. Dereva wake akiwa muungwana atavunja matawi na kuyapanga barabarani kuanzia mbali. Ukiona majani mabichi juu ya lami, hata mchana, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, maana mbele kuna kitu. Usiku majani hayo unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Asubuhi ya kuvuka, toka mapema. Kutoka Lamadi unapita jirani kabisa na lango la Ndabaka la Serengeti, na kuna majira ambapo nyumbu na pundamilia wanaonekana ukiwa barabarani, bila kulipa kiingilio. Angalia ukisogea, usisimame ovyo. Bunda ndiyo mahali pa kumaliza shughuli zote za mjini: jaza tenki hadi juu, pima upepo wa matairi pamoja na la akiba, toa pesa taslimu zikiwemo noti ndogo ndogo, nunua maji. Mtandao wa simu huko mbele upo, lakini laini moja ikigoma unataka kuwa na ya pili. Kisha unaiacha barabara ya Musoma na kukata kuelekea Kibara na Kisorya. Kipande kikubwa cha njia hiyo kimewekwa lami, na ziwa linaanza kujionyesha upande wa kushoto, kwanza kama utepe, baadaye kama bahari.

Bunda pia ndipo pa kuuliza habari za kivuko. Usitegemee ulichosoma mtandaoni miezi sita iliyopita. Vivuko huenda matengenezo, ratiba hubadilika, upepo nao una maamuzi yake. Uliza kwenye vituo vya magari ya abiria yanayokwenda Kisorya, kwa sababu mkate wao unategemea kivuko na hawawezi kukudanganya hata wakitaka. Waulize maswali mawili: kipo? Na cha mwisho kinaondoka saa ngapi?

Kisorya penyewe ni sehemu ndogo, na kuvuka hadi Rugezi upande wa kisiwani hakuzidi sana nusu saa. Kivuko ni cha serikali, chini ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko. Unalipia gari kwa aina yake na wewe mwenyewe kama mtu. Hapa ndipo upweke wa safari unapojionyesha kidogo: kibanda cha tiketi kiko huku, gari liko kwenye foleni kule, na foleni ikisogea ukiwa huna mtu kwenye usukani, walio nyuma watapiga honi na mwenye haraka atakupita. Dawa yake ni kufika mapema, kuegesha, na kumsalimia dereva wa nyuma yako kabla hujaenda popote. "Kaka, nakata tiketi hapo, nakuja." Inatosha. Nimewahi kurudi nikakuta dereva wa lori la mahindi amesimama mbele ya gari langu kama askari, anamzuia mwenye Noah asichomekee.

Kupanda kwenyewe kunataka utulivu kuliko ustadi. Subiri magari na watu wote washuke. Abiria wa miguu wana utaratibu wao, wewe msikilize baharia anayepanga magari, na umsikilize yeye peke yake. Watajitokeza watu watatu wengine wenye mikono hewani, kila mmoja anakuelekeza kwake. Huyo baharia ndiye anayejua uzito ukae wapi. Kama gari lako ni la chini, mfano Vitz au IST, tazama pale mlango wa kivuko unapogusa ardhi. Maji yakiwa yameshuka au mchanga ukiwa umeliwa, pana kona inayoweza kukwangua bampa. Ingia polepole kwa gia ya kwanza, kwa mshazari kidogo kama baharia atakuruhusu, na usikanyage mafuta kwa woga katikati. Ukishapangwa, kunja vioo vya pembeni, vuta hendibreki, acha gari kwenye gia au kwenye P, zima. Halafu shuka.

Nasisitiza kushuka. Kuna wanaobaki ndani na vioo vimefungwa, wanasikiliza redio, eti wanalinda mizigo. Mara ya kwanza nilipositasita, baharia mmoja alicheka akaniambia, "Dada, shuka tu. Hapa litaibiwa liende wapi?" Ana haki. Tena ukiwa nje, angalia maboya ya kujiokolea yamewekwa wapi, na usimame mahali unapoweza kuyafikia.

Si uoga. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikitoka Bugolora, upande huu huu wa Ukerewe, ikiwa imebakiza kidogo sana kufika Ukara, kisiwa kidogo cha jirani. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Kwa hiyo kivuko chochote, popote, ukiona watu wamejazana hadi hakuna pa kuweka mguu, geuza kichwa urudi ukakae kivulini usubiri kingine. Uko likizo. Hakuna anayekusubiri ng'ambo kwa mshahara.

Kusubiri si adhabu pia. Kando ya maji kuna akina mama wa samaki, na mmoja wao, nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akaniuliza taratibu:

"Umekuja msibani, mwanangu?"

"Hapana mama, nimekuja kutembea."

"Kutembea. Peke yako?"

"Peke yangu."

Akanitazama, akalitazama gari, akageuza sato kwenye karai. "Haya. Basi kula kwanza."

Swali la msiba utaulizwa mara nyingi, kwa sababu kwetu mtu mzima anayeendesha mwendo mrefu peke yake kwa kawaida ana jambo: msiba, mgonjwa, au kesi ya shamba. Usiudhike. Jibu fupi na la kweli linafungua mazungumzo, na mazungumzo yanakupa habari zote unazohitaji kuhusu njia ya mbele. Lakini kwa mtu usiyemwelewa, hasa anayetaka kujua unalala wapi, wenyeji wako wako Nansio, mji mkuu wa kisiwa, na wanakusubiri kwa chakula. Huo si uongo mkubwa, mwenye loji ni mwenyeji wako.

Kabla ya kuvuka napiga picha ya tiketi na kuituma kwa mdogo wangu, na nikifika Rugezi natuma neno moja, "nimevuka." Tumekubaliana kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni bila neno, apige. Simtumii mtu zaidi ya mmoja. Ukiwaweka ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp utatumia likizo yako kujibu "umekula?" kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kutoka Rugezi hadi Nansio ni mwendo mfupi, na siku hiyo usifanye kingine. Najua unavyojisikia: umefika kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, unataka kukizunguka chote kabla ya magharibi. Acha funguo mezani. Tembea kwa miguu hadi mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, uone dagaa wakianikwa na mitumbwi ikiandaliwa. Usiku usio na mbalamwezi utaziona taa za wavuvi zimejipanga ziwani hadi utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Kuoga ziwani mimi sishauri, kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiyo kabisa. Kichocho kipo katika ziwa hili na hakionekani kwa macho. Mamba naye hatoi taarifa.

Siku inayofuata ndiyo ya Ukara, na gari hulihitaji. Vuka kwa miguu kutoka Bugolora. Kule utatembea kwenye mashamba yaliyolimwa kwa ustadi ambao wataalamu wa kilimo wamekuwa wakija kuutazama tangu zamani, samadi na matuta kila kipande, na utapelekwa Nyaburebeka kwenye jiwe ambalo wenyeji husema linacheza. Nenda na mwenyeji, uliza kwanza utaratibu wa mahali, usipande mawe kwa ajili ya picha.

Gari liache Nansio ndani ya uzio wa loji, mdomo ukielekea geti. Mlinzi mpe nusu ya asante yake asubuhi na nusu ukirudi. Funguo usimwachie mtu, hata akikwambia ni kwa ajili ya kulisogeza tu.